Uzi Ulikuwa Wangu

Nilimkuta njiwa siku ya Jumanne asubuhi, mwezi wa sita, chini ya ngazi mbili za saruji za karakana yangu ya ushonaji, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. (Wageni hucheka wakisikia kuna Kenya ndani ya Kongo. Sisi tumeshazoea.) Mwezi wa sita kwetu ni baridi ya kweli: usiku nyuzi hushuka chini ya 10, asubuhi watu hutembea na makoti ya mtumba hadi saa nne, na moshi wa mbabula, jiko letu la makaa, hulala chini barabarani kama nao haujataka kuamka. Njiwa alikuwa amejibana kwenye kona ya ukuta, manyoya yameumuka mpaka shingo imepotea, jicho moja limefumba. Niliinua mguu nimruke. Hakusogea.

Hapo nikasimama. Njiwa wa mjini ukimtishia ufagio anakupisha kwa dharau, hatua tatu pembeni, kisha anaendelea na shughuli zake. Huyu niliweza kumgusa mkia kwa ncha ya kiatu.

Niseme ukweli kabla mtu hajanipa sifa: sikuwa na mapenzi yoyote na njiwa. Kwangu walikuwa kinyesi juu ya kitambaa cheupe, basi. Mwaka juzi walinichafulia gauni la bibi harusi nililolitundika mlangoni lipate hewa, siku moja kabla ya harusi, na nililisugua kwa sabuni na ndimu hadi usiku wa manane huku mke wangu akinimulikia kwa simu. Kama asubuhi ile njiwa angeruka nisingemkumbuka hata nikifika kwenye cherehani.

Nilimwokota kwa kipande cha kitenge ili nimtoe njiani. Alikuwa mwepesi kupita kiasi, kama unanyanyua mfuko ukidhani una mkate ndani kumbe hauna kitu. Kidole changu kikapita kifuani. Mfupa wa kidari ulikuwa umesimama kama ukingo wa rula, nyama pembeni hakuna. Nikamgeuza nione miguu, na hapo ndipo nilipouona uzi.

Rangi ya machungwa.

Uzi ule naujua. Kati ya Pasaka na mwezi wa tano nilishona sare za kwaya moja, magauni 32 ya kahawia, na mwalimu wa kwaya alitaka mishono ya juu iwe ya rangi ya machungwa, ionekane hata na anayekaa benchi la nyuma. Nilimaliza koni mbili. Fundi akishona hukata vipande vya uzi na kuviachia vidondoke. Jioni kijana wa karakana anafagia, anasukuma nje, upepo unamalizia kazi. Miaka 17 nimefanya hivyo bila kujiuliza vipande vile huenda wapi. Kimoja kilikuwa kimeenda kuviringana kwenye vidole vya mguu wa kushoto wa njiwa, kikakaza kila alipopiga hatua, kikazama ndani ya ngozi hadi vidole viwili vikavimba juu yake. Pamoja nacho kulikuwa na nyuzi nyembamba nyeusi zinazong'aa. Hizo nazo nilizijua: meshi, zile nywele za kusukia za plastiki. Saloni ya jirani.

Basi sikuweza kumweka pembeni ya barabara nikaenda kunywa chai.

Nilimwingiza ndani na papo hapo nikafanya kosa ambalo nadhani kila Mkongomani angelifanya. Kwetu mgonjwa analishwa. Ukilazwa hospitali, watu hawakuulizi daktari amesema nini, wanauliza umekula nini. Nikachukua bukari la jana (ndiyo jina la ugali huku kwetu), nikaliloweka, nikamfungua mdomo kwa ukucha na kumsukumia matonge mawili. Halafu maji, kwa kijiko, moja kwa moja kooni. Njiwa akakohoa. Nilikuwa sijui kama njiwa anakohoa. Ni sauti ndogo, kavu, kama kitasa kinachokataa ufunguo. Maji yakamtoka puani, kichwa kikalegea upande.

Bahati yake ilikuwa koti jeupe. Nina mteja, binti anayesoma udaktari wa mifugo kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na saa ile ile aliingia kuchukua koti lake la maabara nililolipunguza mikono. Akasimama mlangoni akaona nilivyoshika kijiko.

"Hapana, papa fundi! Hapana kumumiminia maji vile, utamuzamisha."

Akamchukua kutoka mikononi mwangu kama mtu anayempokonya mtoto mkasi. Alimfungua mdomo taratibu, akanionyesha. Nyuma ya ulimi, katikati kabisa, kuna tundu dogo linalofunguka na kufumba. Ndiyo njia ya pumzi. Ukimwaga maji mdomoni yanaingia humo na kwenda mapafuni. Tena njiwa hanywi kama kuku. Kuku huchota tone, akainua kichwa na kuliacha literemke. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza, kama mtoto na mrija. Kwa hiyo unamletea kifuniko cha chupa chenye maji, unagusisha ncha ya mdomo tu, na unasubiri yeye aamue. Alipokuwa bado ameufungua mdomo alitazama pia kama kuna vipele vya njano mithili ya jibini kooni, ugonjwa unaowapata sana njiwa na kuwazuia wasimeze. Havikuwepo.

"Na chakula?" nikauliza.

"Amebaridika. Muguse miguu."

Niligusa. Miguu ilikuwa baridi kama bomba la maji. Njiwa mzima, akaniambia, mwili wake una nyuzi 41 au 42. Mtu mwenye joto hilo angekuwa wodini. Njiwa akishapoa, tumbo linasimama. Chochote utakachomsukumia kinakaa kwenye kile kifuko cha kooni anachohifadhia nafaka na kuanza kuchacha humo. Joto kwanza, maji baadaye, chakula mwisho kabisa, na huo mwisho unaweza kuwa kesho. Nilikuwa nimeianza orodha kutoka chini kwenda juu.

Alinilipa pesa ya koti, mimi nikamrudishia nusu, akakataa, tukabishana kidogo kama inavyopasa, akaenda darasani.

Nilitafuta katoni ya koni za uzi, nikatandika vitambaa, nikajaza maji moto kwenye chupa ya plastiki, nikaivika soksi na kuilaza upande mmoja tu wa katoni ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Juu nikafunika kanga pakawa giza. Jioni umeme ukakatika, na kwa baridi ile mkono ulinivuta kuingiza mbabula ndani, ila nilishaambiwa: moshi wa makaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu wazima, sembuse kitu cha robo kilo. Nikawa naamka kubadilisha maji ya chupa. Saa tano, saa nane, saa kumi na moja. Mara ya mwisho nilipofunua kanga alikuwa amehama mwenyewe, ameiegemea chupa kama kifaranga.

Asubuhi nilichanganya maji ya sukari na chumvi, yale yale mama anayompa mtoto anayeharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nikagusisha mdomo kwenye kifuniko. Kimya. Nikagusisha tena. Halafu koo likaanza kucheza, maji kwenye kifuniko yakateremka, na akanywa muda mrefu bila kuinua kichwa, nami nimechuchumaa pale nimezuia pumzi kama mjinga.

Uzi tuliutoa siku hiyo, mimi na binti yangu wa darasa la tano. Kufumua ndiyo sehemu ya kazi ambayo mafundi tunaichukia. Kushona unakwenda mbele. Kufumua unarudi nyuma, tena kwenye kosa, mara nyingi la mtu mwingine. Lakini nikijisifia kitu kimoja maishani, najua kufumua bila kujeruhi kitambaa. Binti yangu alimfunga kwenye taulo akamshika mapajani, kichwa kimefunikwa, maana ndege asiyeona hahangaiki sana. Mguu tukauloweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni kwa dakika kumi hadi magamba yakalainika. Nikasogeza stuli dirishani, nikavaa miwani, nikachukua sindano ya tarizi na mkasi mdogo wa kukatia vitundu vya vifungo.

Uzi wa pamba ungekuwa umeoza. Huu ni wa poliesta, na sifa tunayomsifia mteja, kwamba hautakatika, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa inamkata njiwa. Ulizunguka kidole cha kati mara tano au sita, ukavuka kwenda cha nje, ukarudi. Katikati ya mizunguko ngozi ilikuwa imeota juu yake, kwa hiyo usingeona uzi, ungeona mfereji tu. Huvuti. Ukivuta unakaza. Unatafuta mahali ambapo mzunguko umepanda juu ya mwenzake, unapitisha tundu la sindano chini yake, unainua kiasi cha unene wa ukucha, unakata, kisha unasubiri damu ikome kabla ya kutafuta mwingine. Meshi ilikuwa mbaya zaidi. Uzi angalau una rangi; meshi nyeusi juu ya damu iliyokauka huioni, unaisikia kwa ncha ya sindano, inateleza. Kila kipande nilichotoa binti yangu alikihesabu kwa sauti. Tulifika 14. Ilichukua karibu saa nzima, na njiwa alipapatika mara mbili tu.

Kidole cha kati kilikuwa kimevimba kama punje ya haragwe lakini kilikuwa na joto. Cha nje kilikuwa cheusi, kikavu, baridi. Nilimtumia dokta, yule binti wa koti jeupe, picha. Akajibu nisikikate, kimeshakufa, kitadondoka chenyewe siku zake zikifika, mimi kazi yangu ni kusafisha kwa dawa ya iodini iliyozimuliwa na kuweka kitambaa kikavu kila siku. Tulipomwachia mguu, aliukunja, akaukunjua, kisha akafumba vidole kwenye kidole changu cha shahada. Viwili vilifumba. Viwili havikufumba.

Binti yangu akamwita Bobini.

Sasa nije kwenye kesi. Nilichukua vile vipande 14 kwenye sahani nikaenda navyo saloni. Mama wa saloni ni jirani mwema, tumeazimiana maji na chumvi miaka tisa, ila hapendi kuanzwa kabla ya wateja hawajaisha. Akatazama sahani.

"Hii ya machungwa ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Basi kesi imekwisha."

Nikamwonyesha nyeusi. Akasema mji mzima una meshi nyeusi. Binti yangu, ambaye alinifuata bila kuitwa, akatoa simu ya mama yake na kumsomea alichokuta: kwamba mwaka 2019 watafiti wa makumbusho ya historia ya asili kule Paris walichapisha utafiti kuhusu njiwa waliokatika vidole, wakakuta kwamba kadiri mtaa unavyokuwa na saloni nyingi ndivyo vidole vinavyopungua, na penye bustani nyingi njiwa wana vidole vyao. Wazee walikuwa wanasema ni magonjwa, ni kinyesi chao wenyewe kinawachoma. Kumbe ni nywele na nyuzi. Wateja wote waliokuwa wamekaa chini ya kitana walinyamaza kusikiliza. Mama wa saloni akafunga fundo la msuko wake.

"Ile ni ya Paris. Ya hapa ni ya fundi."

Saloni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, nikarudi na sahani yangu.

Uzito nilikwenda kumpima kwa muuza nyama, kwa sababu ndiye mwenye mzani wa kuaminika mtaani. Ilibidi nijieleze. Nilimweka Bobini ndani ya soksi ya mtoto, kichwa nje, juu ya sahani ya mzani, kati ya utumbo na mbavu za mbuzi. Gramu 230. Njiwa wa mjini mwenye afya huwa na 300 na kitu. Muuza nyama akatikisa kichwa kwa huruma ya kitaalamu.

"Fundi, hata supu haitoki hapo. Umunoneshe kwanza."

Ndivyo walivyoelewa wengi. Kila aliyepita aliuliza, "Ule njiwa utamukula lini?" na nikijibu simli, wanaona naficha. Sikatai, njiwa ni nyama. Kijijini kwa baba yangu walifugwa kwenye kibanda cha miti juu ya nguzo, na makinda yao yalikuwa chakula cha mgeni wa heshima. Mama mmoja wa maombi alikuwa na shida tofauti. Kanisani kwao njiwa amechorwa juu ya madhabahu, mweupe, mwenye miale, na hakupenda nilivyomwita kwa jina lile lile kiumbe hiki cha kijivu chenye harufu ya dengu zilizolowekwa. Nikamkumbusha kwamba Yosefu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka ya maskini ilikuwa makinda ya njiwa, na Luka hakuandika rangi. Hakufurahi. Mji huu, ambao timu yake kubwa, TP Mazembe, inajiita Kunguru na watu wazima hulia machozi kwa ajili ya Kunguru hao, hauna subira na ndege yeyote asiyevaa jezi.

Na kuna aliyesema neno zito. Baba mmoja, simjui vizuri, alisimama mlangoni akaniangalia nikimlisha, akasema: watoto wanalala njaa kwenye avenyu hii, wewe unamhesabia njiwa njegere. Akaenda zake. Sikuwa na jibu. Wiki moja kabla ningeweza kulisema neno hilo mimi mwenyewe, na kwa sauti ile ile. Njegere zenyewe zilikuwa kikombe kimoja kwa siku nne, lakini najua hakuwa anazungumzia bei.

Kuhusu kulisha, yafuatayo ndiyo yaliyofanya kazi kwetu. Njegere kavu, zimelowekwa usiku kucha, zimechemshwa kidogo, zikapoa hadi uvuguvugu. Unamfunga kitambaa, unafungua mdomo kutoka pembeni, unaweka punje moja nyuma ya ulimi kupita lile tundu la pumzi, unaachia, anameza. Moja moja. Tulianza na 15 asubuhi na 15 jioni, tukapandisha. Kabla ya kumpa nyingine unapapasa kile kifuko cha kooni: kama bado kuna punje za tangu jana, subiri. Mkate usimpe, maziwa usimpe. Njiwa wana maziwa yao ya ajabu, yanayotengenezwa kooni na baba na mama wote wawili kwa ajili ya makinda, lakini ya ng'ombe hawayawezi. Kinyesi ndiyo barua yake ya kila asubuhi. Siku za kwanza kilikuwa maji ya kijani kibichi, alama ya tumbo tupu. Siku ya tano kikawa donge lenye kofia nyeupe, na sikuwahi kufikiri ningemwita mke wangu aje aone kitu kama hicho. Alikuja. Akaona. Akaniuliza kama nimeosha mikono, swali ambalo lina maana yake, kwani vumbi la njiwa na kinyesi chake si vya kuchezea. Tulimweka karakana na si jikoni, na mtoto wa dada yangu mwenye pumu hakuruhusiwa kuingia.

Siku ya sita alidonoa mwenyewe. Nilikuwa nashona mfuko wa suruali, nikasikia tak kwenye katoni. Punje ya mchele. Aliiokota, ikamponyoka, akaitazama kwa jicho moja kisha kwa la pili, akaiokota tena. Nikazima redio. Tangu hapo nilimmwagia mahindi yaliyovunjwa, mtama, mchele, na mchanga wa changarawe kidogo, kwa sababu hana meno. Ni firigisi inayosaga, na firigisi bila vijiwe ni kinu bila mchi.

Kuna mteja aliyenisaidia bila kujua. Alikuwa anasubiri suti, akaanza kunisimulia kwamba Ubelgiji, wale wale waliotutawala hadi 1960, wana wazimu na njiwa wa mashindano, na kwamba Novemba 2020 njiwa jike mmoja aitwaye New Kim aliuzwa kwenye mnada kwa euro milioni 1.6 kwa mnunuzi kutoka China. Nikadhani ni stori za kusubiri suti. Tukatafuta, ni kweli. Binti yangu akapiga hesabu ya magauni ya kwaya, akakata tamaa katikati. Kilichonishika ni kingine: yule wa milioni na huyu wa katoni ni aina moja ya ndege. Njiwa wa mjini hawakutoka porini Katanga. Ni uzao wa njiwa wa kufugwa waliotoroka au kuachwa, vizazi na vizazi, na mababu zao walikuwa wakiishi kwenye magenge ya mawe huko Kaskazini mwa Afrika, Ulaya na Asia ya Magharibi. Ndiyo maana hawajengi mitini. Paa la posta, dari ya ghala, ukingo wa dirisha: kwao yote ni genge. Tuliwaleta majumbani, kisha tukawaambia hawana nyumba.

Siku ya 12 kidole kilidondoka. Nilikikuta asubuhi kwenye kitambaa, kidogo, kikavu, kama kichwa cha njiti ya kibiriti iliyowaka. Chini yake ngozi ilikuwa imeziba. Bobini hakuwa na habari nacho, alikuwa amesimama kwenye mguu huo huo akijisafisha bawa.

Wiki ya tatu, jioni baada ya kufunga, nikawa namwachia karakana nzima. Mara ya kwanza aliruka kutoka mezani hadi sakafuni, yaani alianguka kwa adabu. Siku mbili baadaye akafika juu ya kabati la vitambaa, mabawa yakipiga makofi, vumbi la chaki likapanda kama kumepita gari. Alipenda kutua kwenye bega la kile kiwiliwili cha mbao tunachovisha nguo, na kila alipotua alirekebisha mguu wa kushoto mara mbili, akitafuta kidole kisichokuwepo, hadi akazoea. Alinichafulia makoti mawili. Nilisugua kwa sabuni na ndimu.

Binti yangu alitaka abaki. Dokta akaja mwenyewe kumweleza, kwa upole kuliko mimi ningeweza: huyu ni mtu mzima, ana kundi lake, labda ana mwenzake, na njiwa wakishaoana hukaa pamoja miaka. Unamrudisha pale pale ulipomtoa, asubuhi, hali ya hewa ikiwa nzuri, ili awe na siku nzima ya kujipanga kabla ya giza. Mtoto alilia usiku, asubuhi akabeba katoni yeye.

Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Julai, siku ya 26. Tulipitia kwa muuza nyama: gramu 315. Akasema, "Sasa ndiyo," akanoa kisu kwa utani, binti yangu hakucheka. Mwisho wa avenyu yetu kuna mashine ya kusaga mahindi, na njiwa wa mtaa mzima hukaa juu ya mabati yake wakisubiri punje zinazomwagika. Tuliweka katoni chini, jua likiwa limeshapasha ukuta, tukafungua. Nilitegemea aruke kama kwenye picha za harusi. Alitoka kwa miguu. Akasimama, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshuka kwenye basi kituo si chake, akadonoa punje moja ya kupita tu. Mashine ikawashwa, ikanguruma, na kundi lote likainuka kwa mpigo, naye akainuka ndani yake. Walizunguka mara mbili juu ya mabati. Walipotua nilijaribu kumtafuta. Kijivu, kijivu, kijivu, mistari miwili mieusi kwenye bawa, kijivu. Mmoja akamfukuza mwenziwe kwenye ukingo. Huenda ndiye.

Karakana sasa ina kopo tupu la maziwa ya unga chini ya kila cherehani, la kutilia vipande vya uzi, na kijana wangu ameambiwa kipande kikionekana mlangoni nitamkata pesa ya soda. Mama wa saloni bado anasema ni ya fundi. Lakini amenunua gunia, anakusanya meshi zake humo, na kila Ijumaa anazichoma nyuma ya ua. Moshi wake ni mbaya kuliko njiwa wote wa Lubumbashi, na tumeanza ugomvi mpya.

Nilirudi kwenye mashine wiki mbili baadaye na mahindi mfukoni. Wazo langu lilikuwa rahisi: nitamjua kwa kidole, mguu wa kushoto, cha nje hakipo. Nikamwaga punje, wakashuka wote, nikachuchumaa. Wa kwanza aliyenikaribia hakuwa na kidole cha nje cha kushoto. Nikaita, "Bobini!" Kisha nikamwona wa pili, naye hana, tena na cha kati pia. Wa tatu alikuwa na kisigino tu, anatembelea kigutu. Nikaacha kuita. Walikuwa 31 siku ile, na waliokosa kidole kimoja au zaidi walikuwa tisa. Mmoja wao, mweupe mwenye madoa, alikuwa anaburuta kitu cha bluu mguuni, kipande cha uzi kirefu kama kiganja.

Bluu sijashona mwaka huu. Nikavua koti, nikaanza kumsogelea polepole.